Mshipa wa Babu

Kibokoni, Mombasa
11 Mei 2025

Kwa mke wangu Bimdogo, Langoni, Lamu,

Assalaam aleikum. Huku sote tu wazima, na mimi ni mzima kupita wote na mzuri kupita wote, hata vioo vya kazini vinashuhudia. Babu anakusalimu, asema dada yake umezidi kukaa kimya. Mama anakusalimu. Paka wako hakusalimu, amefanya kiburi tangu aanze kula kwa jirani.

Ulinikataza kukuandikia kwa simu, kwamba maandishi ya kwenye kioo huyaoni na masikio yalikuaga zamani. Haya, karatasi hii hapa. Nimempa Kenga, kondakta wa basi la Lamu, ameapa ataitia mkononi mwa mwenye boti pale Mokowe. Ikifika na doa la chai, mlaumu yeye.

Habari kubwa ni kwamba mumeo ana kazi. Niko kwa Nicodemus, kinyozi wa pale karibu na Ngome ya Yesu. Yeye ananyoa mwaka wa ishirini huu, mimi mwezi wa tatu, na nimeshampita. Wanaotembeza wageni ndani ya Ngome wanasubiri kiti changu na kiti chake kiko kitupu. Siri yangu ni shingo. Nikimaliza kunyoa nakanda mabega, nakamata kichwa, nakizungusha polepole, halafu ghafla navuta, ta. Mtu anainuka kama aliyezaliwa jana. Nilijifunza kwenye simu kwa siku mbili. Mwingine angechukua mwaka.

Babu naye nimemshughulikia. Wamjua ndugu yako, miaka hamsini kazi yake kuinamia saa za watu, kioo kimebanwa jichoni, mpaka shingo imekauka kama papa wa soko la Marikiti. Ijumaa nilimkalisha barazani, nikamzungusha kushoto na kulia. Ililia mara tatu. Akasema mikono yangu ina baraka. Majirani walisikia, kwa hivyo nina mashahidi.

Saa yako ya ukutani, ile ya baba yenu, bado iko mezani kwake, matumbo nje. Asema imebaki kidogo, na amesema hivyo tangu Ramadhani. Juzi aliangusha kibano mara mbili, nikamcheka, akasema vidole vimelala. Uzee huo.

Niandikie, na usisahau kunisifu.

Taib, mumeo, kinyozi


Langoni, Lamu
25 Mei 2025

Mume wangu Taib,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua imefika, ina doa la chai na majisifu ya gunia zima. Sisi tu salama. Binti yangu Nasiha amejifungua mtoto wa kike, ana nywele mpaka usoni, ukija utapata pa kufanyia kazi. Mvua imetoboa paa la jikoni. Mimi miguu inauma, lakini inauma kwa zamu, leo huu, kesho huu.

Umeniandikia ukurasa mzima kwa nukta ndogo zisizoonekana kwa macho. Ilibidi nivute pumzi katikati nisife. Sasa najua kwa nini mwalimu wako hakulia ulipoacha shule kidato cha pili.

Hiyo saa, mwambie Huzaifa asiiharakishe. Ngoja nikupe kisa chake, kwani yeye hatakwambia. Nilikuwa na miaka saba nilipougua surua, na nilipopona masikio hayakupona. Nyumba hiyo hiyo mliyomo. Nilikuwa nikikaa chini ya saa kutazama ule mkia wake ukienda na kurudi, na nililia kwamba imekufa, kwa kuwa siisikii. Huzaifa alikuwa na miaka tisa. Baba alipokwenda kuswali Alasiri, alipanda juu ya sanduku akaitungua ukutani, akaniegemezea ubao wake kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nikaisikia. Si kwa sikio, kwa mfupa. Mpaka leo naujua mlio ule hivyo.

Baba alirudi akamkuta nayo mikononi, akamchapa sana. Hakusema aliitungulia nini. Wala mimi sikusema. Ndivyo tulivyolelewa katika nyumba hiyo, jambo kubwa hulisikii likitajwa.

Na vidole kulala si uzee. Mimi ni mzee na vyangu viko macho. Mtazame ndugu yangu.

Bibi yako, na mkeo ukiwa na adabu,
Bimdogo


Kibokoni, Mombasa
22 Juni 2025

Bibi Bimdogo,

Assalaam aleikum. Pole kwa kuchelewa. Kulikuwa na watu wengi wa kunyoa Idd. Hongera kwa mjukuu. Mama anakusalimu, na paka amerudi.

Siku ya nne baada ya Idd, Babu alikuwa mezani anafunga saa ya mtu. Kibano kikaanguka. Nilitaka kumcheka, nikaona anautazama mkono wa kulia kama si wake. Alisema ganzi imeanza kwenye ncha za vidole, inapanda. Ikapanda kiganja, ikapanda mkono, ikafika pembe ya mdomo. Alikuwa akinieleza huku maneno yanamteleza. Baada ya dakika kumi hivi ikaondoka yote, akaokota kibano akaendelea. Alasiri ikarudi vile vile, kwa njia ile ile. Tukampeleka hospitali kwa tuk-tuk, akibishana njia nzima kwamba ameacha saa ya mtu iko wazi.

Wakampiga picha ya kichwa. Damu imevuja juu ya ubongo, kidogo, ndani ya mkunjo mmoja tu, kama chai iliyoingia kwenye pindo la kitambaa. Daktari wetu ni mama mmoja wa Kilifi, Daktari Kanze. Alituuliza mara tatu kama Babu aliangukia kichwa. Tukasema hapana. Akasema damu kuvuja mahali pale kwa mtu ambaye hakuanguka ni jambo analoliona kwa nadra.

Basi hiyo damu imeanza kukauka yenyewe. Wasiwasi wake sasa ni kitu kingine. Walimpitishia Babu ile mashine ya kutazamia waja wazito, na yale mafuta baridi, na wamegundua ana mshipa. Daktari asema ni mbaya na usipofunguliwa utamwangusha. Mpasuaji huja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, tarehe yetu ni Alhamisi, 17 Julai.

Babu hataki. Hataki hata litajwe mbele za watu. Na kweli mahali penyewe ni pabaya kupitisha kisu. Lakini anakusikiliza wewe peke yako. Mwandikie.

Kazi iko.

Taib


Langoni, Lamu
5 Julai 2025

Mjukuu wangu Taib,

Waaleikum salaam. Barua yako imenikata miguu yote miwili kwa pamoja. Nimemshukuru Mungu kwamba damu ya kichwa inakauka. Tumemsomea dua hapa nyumbani, na mtoto wa Nasiha alinyamaza mpaka mwisho, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe.

Sasa hilo la pili. Nimeona haya kulisoma. Nasiha alikuwa ubavuni mwangu, ikabidi niikunje karatasi nijifanye nimeona nzi. Mambo ya ndani ya saruni ya mtu mzima hayaandikwi hivyo waziwazi, Taib, na hayatumwi kwa kondakta. Baba yetu naye alikuwa na mshipa. Aliutembeza chini ya kanzu miaka thelathini, kutoka nyumbani mpaka msikitini na kurudi, akiinua mguu mmoja kidogo kuliko mwingine, na wala si uliomuua. Kanzu ni pana kwa sababu zake. Mwanamume wa miaka sabini na sita amezaa, amelea, amezeeka, akapasuliwe huko akatafute nini?

Nimemwandikia mwenyewe. Karatasi yake iko humu ndani, imefungwa, usiifungue. Nimemwambia asikubali kisu.

Neno jingine. Barua yako ya kwanza ulikuwa kinyozi bora wa pwani nzima. Hii hukujisifu hata mara moja, na nukta zote zinaonekana. Una nini?

Bimdogo


Kibokoni, Mombasa
22 Julai 2025

Bibi,

Assalaam aleikum. Salamu za wengine nitakuandikia siku nyingine. Kenga anaondoka saa nne na basi limeshaanza kunguruma.

Bahasha yako ilikaa Mokowe siku nyingi kwa sababu ya bahari mbaya. Ilitufikia tarehe kumi na tano, siku mbili kabla ya upasuaji. Mama alikuwa ameshamlainisha Babu. Begi lake lilikuwa limefungwa, ameweka na redio. Akaifungua barua yako, akavaa miwani, akasoma taratibu. Naikumbuka yote kwa kuwa ameibandika ukutani: “Huzaifa, nimesikia kuhusu hilo lako. Usikubali kisu. Baba alikuwa nalo, akaishi nalo mpaka mwisho wake, na heshima yake ikabaki.” Akalifungua begi akatoa redio. Akasema Bimdogo amekata shauri.

Nilisoma yako, ndipo nikaelewa ulichoelewa. Nikamkimbilia Babu nikamwambia Bibi amekosea, anadhani ni mshipa ule mwingine, wa ngiri. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akasema maandishi ni maandishi, dada yangu hajawahi kunipotosha. Alikuwa akitafuta pa kujificha na wewe umempa nyumba. Alhamisi mpasuaji akaja, akaondoka.

Jana ganzi ilirudi. Safari hii ilikaa saa nzima, na ilipoondoka ilibaki kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na kinachokifuata. Haviinuki vizuri. Alivitazama mchana wote.

Bibi, mshipa wenyewe ni wa shingo. Shingo. Ule mkubwa unaopeleka damu kichwani, upande wa kushoto. Ndani umeganda mafuta ya miaka, njia imebaki kama uzi. Daktari Kanze alinieleza kwamba mishipa midogo iliyoko juu ya ubongo inajitanua kutafuta damu isiyofika, inachoka, na mmoja ulishindwa ukavujisha. Damu iko kichwani, ugonjwa uko shingoni. Ndiyo maana ilimstaajabisha.

Sikuliandika neno hilo kwa sababu nililiandika mwezi wa Mei, na nilijisifu kwalo. Mikono iliyoivuta ile shingo ni hii ninayoandikia. Mama hajui. Nicodemus nimemwambia naumwa, sijashika kichwa cha mtu tangu Idd. Daktari alipouliza kama kuna aliyemkanda au kumvuta, Babu akanitazama, na mimi nikatazama dirishani, na Babu akasema hapana.

Kwa hivyo nilikuandikia mshipa peke yake. Neno moja nililolificha ndilo lililomfanya afungue begi.

Tarehe nyingine ni 14 Agosti. Mwandikie, Bibi. Mimi sina uso wa kumwambia kitu.

Taib


Langoni, Lamu
25 Julai 2025

Taib,

Kenga ameniletea moto. Nimekaa na karatasi yako tangu asubuhi, na leo miguu siisikii.

Mimi nami nina langu. Ningeandika neno lenyewe kwenye barua ya Huzaifa, angeligundua kosa papo hapo. Niliandika “hilo lako” kwa haya. Mwanamke wa miaka sabini na nne, ndugu yangu wa tumbo moja, na naona haya kulitaja. Basi tumegawana, wewe nusu na mimi nusu, tusigombanie iliyo kubwa.

Barua yake hii hapa, na safari hii haikufungwa. Msomee wewe, kwa sauti, mbele ya mama yako:

“Huzaifa. Nilikosea. Nilidhani una mshipa wa Baba, kumbe ni wa shingo. Chana ile barua ya ukutani. Saa yangu uliifungua mara nne ukaniambia uchafu ukikaa kwenye njia ya gurudumu hata ufunguo mpya haufai, lazima mtu aingie ndani akwangue. Hukuniuliza kama naogopa. Sasa ni zamu yako kufunguliwa. Mimi nimebakiwa na saa moja na ndugu mmoja, na vyote viwili viko mezani kwako matumbo nje. Kubali kisu. Dada yako.”

Ukimaliza kumsomea, nenda kwa huyo daktari wako. Peke yako. Mwambie ulichofanya na umjibu swali ambalo hukulijibu. Kisha uniandikie alichosema, chote, hata kikiwa kibaya. Sitaki barua nyingine yenye shimo katikati.

Na uweke mikono yako mahali inapofaa. Ulikuwa hujui. Sasa wajua.

Bimdogo


Kibokoni, Mombasa
31 Agosti 2025

Kwa mke wangu Bimdogo,

Assalaam aleikum warahmatullah wabarakatuh. Kaa chini, weka miguu juu ya mto, yote miwili, barua ni ndefu na nukta nimeweka kubwa.

Babu yuko barazani, mbele yangu hivi, anakula muhogo wa nazi na kulalamika kwamba mama hakutia pilipili. Ana mshono shingoni kutoka chini ya sikio mpaka karibu na koo. Anawaambia wapita njia alipigana na mamba.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika “matumbo nje” mama alijiziba mdomo kwa leso. Babu aliinuka, akaichomoa ile ya ukutani, akaikunja ndogo, akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba. Jioni begi lilikuwa limefungwa tena.

Kwa daktari nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wagonjwa wote wakaisha, na wengine niliwapisha ambao hawakuomba kupishwa. Daktari Kanze akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani alinifundisha. Nikasema simu. Akavua miwani akaipangusa muda mrefu. Akaniambia mafuta yale yalianza kujikusanya kabla sijazaliwa, na sigara za Babu za zamani zilisaidia. Akasema alitafuta kwenye picha kama mshipa umechanika, hakuona. Nikamwuliza kwa hivyo si mimi. Akajibu hivi, nimelishika neno kwa neno: “Sikuona mahali ulipoharibu. Kukuapia siwezi. Ninachoweza kukuapia ni kwamba ungerudia, ungemwua.”

Nikaondoka nikashukuru na nikaumia, vyote kwa pamoja. Umesema uandikiwe chote, ndicho hicho.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alikuja na wembe kumnyoa Babu shingo. Ndevu nazo, zile nyeupe, na hata wewe hujamwona bila ndevu tangu ujana wake. Babu akamkatalia. Akasema ana kinyozi wake. Muuguzi akatazama mlangoni akaniona mimi, sijachana nywele, nimevaa ndara za mama.

Nilimwambia Babu siwezi. Akaniashiria nikae kitandani. Akasema vidole vyake vilianza kulala mwezi wa Rajabu, Bibi, kabla ya Ramadhani, kabla mimi sijashika wembe kwa Nicodemus. Alificha kwa sababu fundi saa mwenye vidole vinavyolala haletewi saa. Alisema aliona ninavyoteseka tangu siku ya daktari, na alitaka kuniambia, lakini kuniambia kungekuwa kukiri. Kisha akainua kidevu akatazama dari.

“Nyoa, Taib. Shingo tu hiyo.”

Basi nikanyoa. Sijawahi kunyoa vile na sitanyoa tena. Polepole, kutoka sikioni kwenda chini, na chini ya wembe mshipa ulikuwa unapiga, nauona kabisa. Sikumkata hata pa kutosha mbu. Chini ya zile ndevu ana kidevu kama chako. Nilipomaliza akajipapasa akasema sasa anaelewa kwa nini aliziacha.

Walikaa naye saa tatu. Mpasuaji alimpa Babu kwenye kichupa alichokikwangua, kitu cha manjano kama nta. Babu alikitazama kwa kioo chake cha jichoni. Akasema ameshawahi kutoa uchafu kama huo kwenye saa ya msikiti. Ganzi haijarudi tangu siku ile. Daktari asema vidole viwili huenda visirudi kama zamani. Tumepoteza mwezi mmoja, na vile viwili vilikuwa bei yake. Babu hajamlaumu mtu. Mimi nimebaki na nusu yangu.

Kwa Nicodemus nimerudi. Nilimweleza kila kitu, na amebandika karatasi juu ya kioo kwamba hapa tunanyoa tu. Wateja wangu wengine wamekasirika, wawili wamehamia kwingine. Waende. Bado ndimi kinyozi mzuri kupita wote Mombasa, ukitoa ule uongo wa barua ya kwanza kuhusu shingo.

Jioni nakaa mezani na Babu. Vidole viwili anavyokosa, mimi ninavyo. Yeye ananielekeza, mimi nashika kibano, na nikikosea ananipiga kofi la kisogoni, polepole, chini ya kisogo hafiki. Saa yako tumeifunga jana. Ilipoanza kwenda mimi nilishaisikia, lakini Babu aliniambia niiname. Akaiegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio langu, akashikilia kwa mikono miwili.

“Wasikia?”

Nikasema nasikia. Sikumwambia kwamba ulinisimulia.

Kenga anakuja nayo leo, imefungwa ndani ya shuka mbili na kanzu kuukuu ya Babu, ambayo kweli ni pana. Inachelewa dakika tatu kwa siku. Babu amekataa kuirekebisha, asema ndivyo ilivyokuwa mkiwa wadogo. Itungike mahali unapofika.

Mumeo Taib,
kinyozi wa nywele na ndevu. Shingo sigusi.